Gesi ya Juu Juu

Juzi, kwenye kaunta ya ofisi moja ya serikali mjini Arua, nilimsikia mama mkulima akiuliza kuhusu visima vilivyochimbwa miaka mingi iliyopita karibu na shamba lake kutafuta mafuta, kisha vikazibwa kwa saruji.

“Walikuta gesi. Kwa nini hawatoi?”

Ofisa akapunga mkono bila kuinua macho. “Mama, hiyo gesi iko juu juu tu. Kampuni nataka mafuta ya chini.”

“Kama iko karibu, si ndiyo rahisi? Sisi napika na makaa, na miti nakwisha.”

“Ngojea mafuta kwanza.”

Mama akasonya, akatoka kununua makaa. Kumbe gesi nayo lazima ijifiche chini sana ndipo ofisi iione!