Mama Simamisha na Chipu Ambayo Bado Haijazaliwa

Saa tatu asubuhi, Mama Simamisha anavuta kiti, anasogeza kando chai iliyokwishapoa, na kuisimamisha chipu ambayo bado haijatengenezwa.

Msomaji asishangae. Ofisi hii ya chumba kimoja, juu ya duka la vioo, inabuni chipu, yaani ubongo mdogo wa kielektroniki, ya kifaa cha kuwasaidia watu wasiosikia vizuri. Kabla kiwanda hakijaitengeneza, mwenendo wake wote huigizwa kwenye kompyuta na programu iitwayo simuleta. Kazi ya mwanamama huyu ni kusaka hitilafu. Anatumia programu nyingine, kisaka-hitilafu, inayomwezesha kuisimamisha chipu hiyo ya kuigiza popote apendapo na kuchungulia kilichomo. Ndiyo maana wenzake wakambandika jina hilo.

Chipu ikishatoka kiwandani, hairekebishiki tena. Na michoro yake inatakiwa huko Ijumaa hii.

Balaa ni kwamba kwenye majaribio sauti hukatika ghafla. Ofisi nzima ilimnyooshea kidole mwandishi wa programu ya sauti itakayokaa ndani ya chipu hiyo, mwanamume mpole ambaye siku hizi hata chakula cha mchana anakula peke yake.

Mama Simamisha naye aliingia mkenge. Kwa majuma kadhaa aliipekua programu ya sauti mstari kwa mstari, asione kitu.

"Nilikuwa namhoji mgeni, kumbe wa kuhojiwa ni mwenye nyumba," anasema.

Leo amebadili mbinu. Kisaka-hitilafu amekielekeza kwenye simuleta yenyewe. Anatega mtego kwenye sehemu moja ya kumbukumbu ya chipu: ikiguswa tu, kila kitu kisimame. Kinasimama. Programu ya sauti imeagiza namba ihifadhiwe. Agizo limepokewa vizuri, lakini jingine lilipofuata papo hapo, la kwanza likatupwa, na sauti ikakatika.

Anafungua michoro na kulinganisha. Simuleta haina hatia, imeiga michoro kama ilivyo. Kosa limo kwenye michoro.

Mkuu wa ofisi, aliyeichora mwenyewe, anaitwa. Anajitetea kwamba kiwanda hakisubiri mtu, labda programu ya sauti ipunguzwe kasi, yaishe. Mama Simamisha hapandishi sauti. Anarudia jaribio mbele yake, kisha analirudia tena.

"Bosi, ukituma hii, kuna mtu atakatikiwa na sauti akiwa anavuka barabara," anamwambia. "Mimi sitoki hapa mpaka ibadilishwe."

 Mkuu anapiga simu kiwandani kuomba wasubiri, na akimaliza anakwenda kwenye meza ya mwandishi wa programu kumtaka radhi.

Mama Simamisha amekwishaanza jaribio upya. Kifaa cha kwanza, anasema, amemwombea mama yake mzazi, mwanamke aliyesifika kwa ubishi na ambaye sasa huitikia "ndiyo" kwa kila anachoambiwa.

"Ananikubalia kila kitu kwa sababu hanisikii," anasema, macho yakiwa kwenye skrini. "Nataka anibishie tena."