Mtungi wa gesi wa rangi nyengine getini kwa Mama

Seif, muuza gesi, ametamka leo asubuhi mbele ya geti letu hapa Hail, Maskati: hatopita tena kwa mama yangu.

Hakukasirika. Hilo ndilo lililoniuma.

Mwezi uliopita nilimwagizia Mama mtungi kwa kampuni nyengine, yenye bei rahisi zaidi. Nilitaka tujaribu kwanza, kisha tuamue. Kwa Seif nilinyamaza.

Leo mtungi huo umekwisha. Mama akautoa nje ya geti kama kawaida yake, maana lori la Seif likiona mtungi nje husimama, naye huingiza mpya mpaka jikoni na kuufunga.

Lori likasimama. Seif akaitazama rangi ya mtungi, si ya kampuni yake.

"Kumbe nishapewa talaka, Bi Zuwena, na mwenyewe sina habari!"

Mama akanioneshea kidole. "Muulize huyu. Mimi nnajua kupika tu."

"Tulikuwa tunajaribu tu, Seif," nikasema.

"Wallahi sina kinyongo. Lakini mtaa huu wote ulishahamia kampuni hiyo. Nlikuwa nnapinda huku kwa ajili ya mama tu."

Akamuaga Mama, akaondoka.

Gesi hakuna, Mama hajapika. Amekula mkate na jibini.

Nyie wenzangu wa hapa Maskati, mngemwambia mapema, au mngenyamaza kama mimi?

Nimeipigia kampuni mpya. Wanaleta kesho baada ya Alasiri, na wanaishia getini. Mama hawezi kuunyanyua mtungi uliojaa, kwa hiyo nimeomba ruhusa kazini.