Makopo Mawili ya Mzee Halafihi

Muuguzi wa presha katika zahanati moja ya kisiwani Tonga hapokei kitu kwa mkono mmoja. Wagonjwa humletea choo kwenye kopo, maabara ikachunguze kama kupungua kwa vijidudu vyema vya tumboni ndiko kunakowapandisha presha, naye hukipokea kwa mikono miwili, kichwa kainamisha, na kushukuru kirefu, vile alivyolelewa kupokea chakula cha karamu. Jumatatu moja Mzee Halafihi alimletea makopo mawili ya aiskrimu yaliyofanana.

“Moja la utafiti, Sista. La pili chakula chako, kama kila Jumatatu.”

“Ahsante, mzee wangu. Lipi ni lipi?”

“Mie nijuaje? Kafunga mama watoto.”

Kunusa zawadi mbele ya aliyeileta ni tusi, na mzee alikaa kupiga soga mpaka gari la maabara likafika. Muuguzi alishukuru mara mbili, akabandika A na B, akayatia yote kwenye sanduku la barafu, akashindia biskuti. Baada ya wiki mbili majibu yalirudi, akayapokea kwa mikono miwili. A: vijidudu vyema vya tumboni karibu vimekwisha. B: si choo, ni majani ya magimbi na nyama ya kopo, na kwa chumvi iliyomo, hatuulizi tena vya A vimeuawa na nini. Muuguzi alihesabu Jumatatu zake zote, kisha akavuta mashine ya presha, akaufunga mkono wake mwenyewe.