Damu Iliyokataliwa Nguvumali

Saa tatu asubuhi, umeme bado haujarudi kwenye maabara ya Nguvumali. Mwanasiti Sadalla anazungusha kwa mkono mashine ya kutenganisha damu, kisha anainua kichupa mbele ya dirisha. Maji ya juu, yaliyopaswa kuwa ya manjano, yamekuwa mekundu.

"Hii siipeleki," anasema kwa sauti ndogo.

Damu ni ya mtoto wa miaka miwili kutoka Pangani anayeshikwa na degedege. Daktari ameagiza kipimo cha asidi amino, vijenzi vya protini, kinachofanyika Nairobi. Zikionekana zimezidi, mtoto atakatazwa samaki, maziwa na maharage. Damu iliyoharibika inaweza kutoa jibu la uongo.

Jokofu halifanyi kazi tangu mgao wa umeme uanze. Asheri, fundi wa maabara hii ya binafsi, alikilaza kichupa cha damu moja kwa moja juu ya barafu ya soko la samaki, bila kukifunga kitambaa. Damu ikaganda kwa baridi, chembe zikapasuka.

"Basi la Nairobi linaondoka saa tano," anasema Asheri, akicheka. "Leo darasa la tano linanifundisha damu?"

"Halikufundishi, kaka Asheri. Njoo utazame."

Asheri haji.

Mwatumu, mama wa mtoto, naye amewaka. "Mwanangu si kisima, mteke mrudi kuteka!"

"Dada, nikiipeleka hii watakwambia usimpe samaki, nawe utamnyima. Nitukane tu. Siipeleki."

Mwanasiti, miaka 22, aliacha shule darasa la tano, mama yake alipougua. Aliajiriwa kuosha vichupa kwa shilingi elfu themanini kwa mwezi. "Miaka minne naosha damu nzuri na mbovu," anasema, akitazama sakafu. "Macho yangu hayakuacha shule."

Mwatumu anakunja mkono wa gauni la mtoto. "Mara moja. Ukirudia, tutagombana."

Asheri anatoa damu tena. Safari hii Mwanasiti anakifunga kichupa kwa kipande cha kanga kabla ya kukiweka kwenye barafu. Mashine ikisimama, maji ni ya manjano. Analiwahi basi mwenyewe.

Majibu yatarudi baada ya wiki tatu, kwa Kiingereza. Fundi ndiye huyasoma. Mwanasiti ameanza masomo ya jioni ya Kiingereza.

"Jibu hili nitamsomea Mwatumu mimi mwenyewe," anasema, na sasa anainua uso. "Kama mtoto ni wa kula samaki, atakula. Asiyetaka nisome, aje aninyang'anye karatasi."