Pombe ya Kupatana na Jirani

Tuliporudi Burundi kutoka kambini Tanzania, shamba letu la hapo juu ya Rumonge lilikuwa na mtu. Alililima miaka yote tuliyokuwa ukimbizini, na kutoka hakutaka. Wazee wa kilima, yaani kijiji chetu, wakasema tugawane nusu kwa nusu, akakubali shingo upande. Kilichobaki ni kunywa pombe pamoja mbele yao. Asiponywa, hakuna mapatano, na mama yangu angeendelea kulala kwenye chumba cha kupanga mjini.

Mama akatengeneza urwarwa, pombe yetu ya ndizi. Mimi alinifukuza kabisa: "Mikono yako iko na sabuni, utaniharibia!" Alivundika ndizi shimoni, akazikamua kwa majani makavu, akachanganya na maji, akatia unga wa mtama uliokaangwa, akafunika mtungi kwa majani ya mgomba. Kila nikigeuka, namkuta ametega sikio kusikiliza kama inachemka.

Siku yenyewe mdogo wangu wa kiume, mjuaji wetu, akaja na vikombe vya plastiki kutoka sokoni. Kambini tulizoea hivyo, kila mtu na chake. Akamjazia jirani kikombe, akampa kwa mikono miwili. Jirani akakitazama, akakiweka chini.

"Kikombe cha peke yangu? Mumetia nini humu?"

Yoo! Nilitamani kumchapa mdogo wangu kwa hicho kikombe. Huku pombe ya kupatana hunywewa katika mtungi mmoja, kwa mrija, na mwenye pombe ndiye anayeanza. Lakini yeye alizaliwa ukimbizini, angejulia wapi? Jirani alikuwa ameshasimama.

Mama hakubishana. Akavuta mtungi, akanywa kwa mrija mpaka nikaogopa ataumaliza, halafu akamnyooshea mrija uleule.

"Kaa, muzee. Kunywa."

Akakaa. Akanywa kidogo, akapumua, akanywa tena. Mzee mmoja wa kilima akauliza mpaka upite wapi. Hapo ndipo watu hugombana upya.

"Upite huku chini ya migomba," mama akasema. "Kaburi la mutoto wake libaki kwake."

Hakuna aliyewahi kulitaja kaburi lile, alilolichimba shambani mwetu tukiwa ukimbizini. Kumbe ndilo alilokuwa akiling'ang'ania muda wote. Jirani alibaki na mrija mdomoni, hanywi, machozi yanamtoka tu mbele ya watu wote.