Maji ya Yaya

Ninyi bajukulu, musome hii bila kucheka. Juzi nilikuta binti yangu anafunga mutoto wake Debora kamba, eti sauti huyo mutoto anazosikia ni za pepo.

Nikakumbuka muchana mumoja kwetu Katuba. Yaya yangu, mukubwa wangu wa tumbo moja, aliyesikia sauti vilevile, alikuwa amefungwa katika chumba cha maombi, ni siku ya tatu bila kula wala kunywa. Kulinuka mishumaa na mikojo. Inje bamama baliimba na kupiga makofi.

“Mudogo wangu, maji,” Yaya akaniomba.

Mama wa maombi, kiongozi wao, alishatuambia Yaya akipewa maji, pepo ndiye anayekunywa. Basi nikakunywa kikombe chote cha maji mbele ya Yaya, ili pepo akasirike, aende. Nilijiona ninamusaidia. Jua lilishuka, Yaya akanyamaza. Leo najua ni kiu iliyomuua.

Basi, hiyo juzi nilimwambia binti yangu: “Fungua hiyo kamba. Mutoto akule, kisha tumupeleke ku hospitali.”