Menyu Nyuma ya Bibi Harusi

Najua mnachotaka kusikia, kwa hiyo naanza na aibu yenyewe: siku ya ndoa ya Mariama, binti wa kaka yangu, nilisimama mbele ya ukumbi mzima hapa Mahajanga nikibonyeza kibodi iliyokufa.

Kompyuta yangu ya mezani ina mifumo endeshi miwili, wa zamani kwa programu ya duka langu na mpya kwa mengine yote, na ikiwashwa huleta menyu nichague. Wengi huipa sekunde chache, kisha mashine inajichagulia. Mimi niliiagiza ingoje mpaka mtu aamue (mashine haina haki ya kuniamulia, na hilo nalisema hata leo).

Kaka yangu Suleimani alikuwa mgonjwa Nosy Be, hawezi kusafiri, lakini alikataa nimwozee. "Nitamwoza mwenyewe, nikimwona." Simu zetu siku zile zilikuwa za vibonye tu, basi nikaunganisha kompyuta na projekta, nikampigia kwa video, uso wake ukajaa ukutani, Mariama jukwaani akatabasamu, Fundi, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, akafungua mdomo aanze, umeme ukakatika.

Ulirudi upesi. Mashine ikajiwasha, ikaleta menyu, ikangoja. Nikabonyeza, wapi. Kibodi yangu mpya isiyo na waya huamka mfumo ukishaanza, si kabla, na ile ya waya niliiacha nyumbani Belobaka kwa sababu (najicheka kabla yenu) waya haukupendeza mezani; asubuhi niliwasha mashine kwa kibodi ya kuazima, na mwenyewe alishaondoka nayo. Nikazima, nikawasha. Menyu ileile.

"Tonton, mora mora, polepole, utaitoboa," vijana wakanitania, mimi ami yao.

Shangazi yetu, Bweni Zainaba, hakunong'ona: "Miaka yote unasoma vitabu vya mashine, na bado inakugomea?"

Fundi alikuwa akingojwa Amborovy kwenye ndoa nyingine. "Wewe ni baba mdogo. Oza basi."

"Siozi. Mwenyewe yu hai."

Bweni akachomoa simu kifuani, akampigia kaka, akaisogeza kwenye maikrofoni. Suleimani akamwoza bintiye kwa sauti tu, neno kwa neno. Kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, amevaa nini?"

Nikamweleza mbele ya watu wote: saluva ya hariri, ukingo wa dhahabu, asumini nyweleni.

Picha zote za siku ile zina mistari miwili ya menyu nyuma ya bibi harusi, na kila sikukuu vijana hunionyesha wakicheka. Wacheke. Menyu ilifanya nilichoiagiza, na sitaipa sekunde hata moja ya kujiamulia. Ila kibodi ya waya sasa inakaa kwenye mkoba wa kompyuta, na haitoki humo, harusi iwe ya nani.